Kosma Mikidadi, Mtunza Maandiko wa Milimani

Alizaliwa Kisaki yapata mwaka 1878, mwana wa mwalimu wa chuo cha Kurani aliyesifika kwa kombe: aliandika aya kwa zafarani, karatasi ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Baba alipofariki, Mikidadi alipanda Uluguru kutafuta kibarua, akabatizwa Kosma katika misheni ndogo juu ya Matombo. Padri wa pale alikuwa akikusanya maandiko ya nchi hii. Kosma akamkabidhi karatasi za baba yake zilizobaki, naye akafanywa mtunzaji, akaapa mbele ya msalaba kwamba hakuna karatasi itakayotoka chumbani bila idhini ya padri.

Milima yetu haikauki. Ukungu huingia hata sandukuni. Kila jua lilipotoka, Kosma alianika karatasi mojamoja mkekani, akifukuza kuku, na watu wakamcheka kuwa anaanika kama mihogo. Hakukasirika.

Machi 1908, padri akiwa safarini Morogoro, alifika Chausiku, mdogo wake Kosma, na binti yake Pili mgongoni, anawaka homa. Dawa zote zilikwisha shindwa.

"Shikamoo, kaka. Nipe karatasi moja tu ya baba, nimwoshee mtoto."

"Marahaba, dada yangu. Nimeapa. Tumsubiri padri."

Mtoto alifariki kesho yake, padri hajarudi. Aliporudi alimsifu Kosma kanisani kwa uaminifu, na sifa hizo ndizo zilizommaliza. Chausiku hakumsemesha tena. Kwa miaka saba Kosma alianika karatasi zake kama kawaida, akimwambia kila aliyemuuliza hali: "Nasali, lakini sisikii anayeitika." Inatuuma kuandika hivyo juu ya mtu mtakatifu, lakini ndivyo alivyosema.

Alikufa kwa kichomi Februari 1915. Chausiku hakuja mazikoni. Masika yale paa la chumba lilianguka, mvua ikanyesha ndani siku tatu, madaftari yote yakawa uji. Karatasi moja ya baba yake ilikutwa imelowa chapachapa, na zafarani haijatoka hata nukta. Waumini wakapiga magoti. Padri akaagiza Chausiku aitwe aone.

Aliishika muda mrefu, akaisugua kwa kidole. "Kumbe hata angenipa, isingetoka," alisema. Kisha akauliza kaburi la kaka yake liko wapi, akalilia hapo mpaka jioni.

Wapendwa, tumwige Kosma kwa kutunza tulichokabidhiwa. Na ndugu tuliyemnunia tumwendee leo, angali anasikia.