Niliulizwa Kama Nina Swali, Nikasema Sina

Nimemkosea mama yangu mzazi, na ninavyoandika hapa bado hajui. Yeye yuko uani anapepeta mchele, mimi nimejifungia ndani na simu kama mwizi. Naombeni msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, tukaneni tu, nimestahili!

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, naishi Somanda hapa Bariadi, nina kibanda cha steshenari. Nachapa barua, natoa kopi, najaza fomu za watu wasiojua kusoma. Kwa sababu ya kazi hiyo watu wakazoea kuniita wakili. Ni utani wa mtaani tu, lakini mimi nikauamini. Balaa lilianzia hapo.

Mama yangu ana ng'ombe. Sio wa marehemu baba, wa kwake yeye. Babu mzaa mama alipougua kule Sola, mama ndiye aliyemuuguza, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Kabla hajafa, mzee akawaita wanawe akasema mtamba mmoja mwekundu ni wa binti yangu huyu, mtu asimguse. Mama akarudi naye Sapiwi kwa baba, na yule mtamba akazaa, na wanawe wakazaa, wakafika sita.

Baba alipofariki, magoti ya mama yakawa mabaya, nikamchukua aje kukaa kwangu mjini. Ng'ombe tukamwachia baba mkubwa, kaka yake baba, atutunzie pale pale Sapiwi. Miaka miwili haikuisha, mama akaomba aletewe jike mmoja mwenye maziwa. Baba mkubwa akajibu, "Ng'ombe gani? Hao mama yao nilimnunua mwenyewe mnadani."

Mama hakulia. Baada ya siku mbili akaniambia anataka kwenda mahakamani. Hakuwa na haja ya kuwauza. Alitaka tu ijulikane kwamba ni wake, maana katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee alichowahi kupewa na baba yake.

Nikamwambia, "Mayu, usihangaike na wakili. Wakili ni mimi."

Jamani! Mdomo huu!

Kesi tukaifungua mahakama ya mwanzo. Madai niliyachapa mwenyewe, mistari imenyooka, maneno mazito mazito. Karani akaniambia pale nje kuna dada msaidizi wa kisheria, anaelekeza watu bure, hebu pita umwone. Nikachungulia, nikakuta binti mdogo kuliko mimi amekaa kwenye benchi na daftari. Nikampita bila hata kumsalimia. Ningekaa naye dakika kumi tu, leo nisingekuwa naandika haya.

Siku ya kusikilizwa mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Hakimu alikuwa mtu mstaarabu, sina la kumlaumu. Alimuuliza, "Mama, utaongea mwenyewe au huyu kijana wako atakuwakilisha? Kama Kiswahili kinakusumbua, tunaye wa kutafsiri Kisukuma."

Mama alishafungua mdomo. Nikasimama kabla yake. "Mheshimiwa, nitaongea mimi. Kiswahili chake kinachanganyika."

Leo nasema ukweli ambao sijamwambia hata mke wangu. Niliona aibu! Kwenye yale mabenchi walikuwepo wateja wangu, watu ninaowachapia barua, wanaoniita wakili. Sikutaka wamsikie mama yangu akisema "ng'ombe yangu imekatwa". Mtu aliyenizaa nilimwonea aibu kwa sababu ya irabu!

Basi nikaongea mimi. Nikaeleza habari za babu, za ugonjwa, za mtamba, nikajiona nimemaliza. Ikafika zamu ya baba mkubwa. Alisimama na kofia mkononi, taratibu, na sauti ile ile aliyonisemesha nayo tangu utoto. Akasema yule ng'ombe mwekundu alimnunua mnadani kwa mikono yake, na waliobaki wote ni uzao wake.

Mama akanivuta shati. "Ng'wana wane, muulize masikio! Ile ng'ombe yangu masikio yake imekatwa alama ya baba yangu. Iko zizini kwake mpaka leo. Muulize!"

Kwa msiojua, huku kwetu ng'ombe hukatwa alama sikioni ajulikane ni wa nani. Ukoo wa baba una alama yake na babu wa Sola alikuwa na ya kwake. Lilikuwa jambo la hakimu kusema hebu twende tukamwone ng'ombe, na kesi imekwisha.

Mimi nikamnong'oneza, "Tulia, mayu. Usiniaibishe."

Hakimu akaniuliza, "Una swali kwa mdaiwa?"

"Sina swali, mheshimiwa. Anaongea uongo tu."

Akanitazama. "Hili la kumnunua ng'ombe mnadani, unaliacha hivyo hivyo?"

"Sina swali."

Akainama akaandika. Naisikia ile kalamu mpaka sasa.

Mtaniuliza kwa nini. Sababu zilikuwa mbili, na zote za kijinga. Ya kwanza, yule ni baba mkubwa. Alinipeleka shule kwa baiskeli yake kidato cha kwanza, sanduku langu amelifunga nyuma. Mtoto aliyelelewa kwetu hamsimamishi mzee mbele za watu na kumhoji kama mwizi wa kuku. Ulimi ulikataa kabisa! Ya pili, nilidhani kumuuliza ni kumpa nafasi ya kuongeza uongo. Nikajua mwishoni hakimu atanigeukia mimi, na hapo nitamwaga yote, masikio na kila kitu. Kumbe zamu yangu ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Baada ya hapo hakuna aliyenigeukia tena.

Siku ya hukumu mama hakuweza kutembea kwa magoti, nikaenda peke yangu. Hakimu akasoma. Mengi sikuyashika, ila hili nililishika: kwamba mdaiwa alieleza alivyompata ng'ombe, na upande wa mdai haukumhoji lolote juu ya hilo, hivyo maelezo yake yamesimama bila kupingwa. Madai yakatupwa. Akasema asiyeridhika ana siku thelathini za kukata rufaa.

Nikatoka nje. Baba mkubwa akanifuata mpaka kwenye kivuli nilipojiegemeza. Nilidhani anakuja kunicheka. Alisimama, akaizungusha kofia yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niliogopa utaniuliza masikio. Ungeniuliza masikio, ningesema nini?"

Halafu akapanda bodaboda akaenda zake! Wiki hiyo hiyo nikasikia kutoka Sapiwi kwamba yule ng'ombe mwekundu amepelekwa mnadani na kuuzwa. Sijui yuko wapi. Naamini ameshachinjwa, na masikio yake yameenda naye.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni ananisubiri. "Hakimu kasemaje?"

Nikasema, "Imeahirishwa, mayu."

"Mpaka lini?"

"Tarehe bado."

Neno hilo lilinitoka kama kikohozi. Nikajipa moyo kwamba nitakata rufaa kimya kimya, nishinde, nije kumwambia habari njema tu. Lakini kila nikikaa kuiandika hiyo rufaa, nachapa jina la mama tu, kisha nafunga. Mimi ninayewachapia watu wote! Kesho, keshokutwa, nasubiri nakala ya hukumu, leo wateja ni wengi. Nilipojikokota kurudi kwa karani, siku thelathini zilikuwa zimepita zamani.

Karani alinihurumia. Akasema naweza kuomba kuongezewa muda, ila lazima nitoe sababu ya msingi ya kuchelewa. Sababu yangu ilikuwa aibu, na hiyo hata mimi sijui inaandikwaje kwenye fomu. Akaniambia pia kwamba rufaani wanasoma kilichoandikwa huku chini. Nikamuuliza, na lile la masikio? Akafungua jalada, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Kaka, hapa masikio hayapo."

Nilipotoka nikamkuta yule dada kwenye benchi lake na daftari lake, anamwelekeza bibi mmoja. Safari hii nilimsalimia. Sikuwa na la kumuuliza tena.

Ndugu yangu unayesoma, kama una kesi na huna wakili, nakuomba kwa huruma ya Mungu. Mpinzani wako akimaliza kuongea na ukaulizwa kama una swali, usijibu kwa hasira wala kwa heshima. Uliza! Hata kama ni baba mkubwa, mwamkie, muombe radhi, halafu uliza. Ukinyamaza, umekubali. Hukumu ikitoka, hesabu siku kuanzia siku hiyo hiyo, usisubiri moyo upoe. Yule anayeelekeza bure usimdharau kwa umri wake. Na mwenye mali akitaka kusema, mwache aseme kwa Kiswahili chochote alichonacho.

Mimi nimechelewa. Kila pikipiki ikisimama nje nadhani ni mtu wa Sapiwi amekuja kumsalimia mama na kumweleza yote. Kumwambia siwezi, na kuendelea kuficha siwezi.

Maana mama anajiandaa. Ameamua kwamba siku ikifika atauliza mwenyewe, na hataki kuniaibisha tena. Kila asubuhi anakaa na mke wangu uani anafanya mazoezi ya lile swali moja. Mwanzoni alikuwa akisema "masikio yake imekatwa", mke wangu anamrekebisha, "yamekatwa, mama", wanacheka, wanarudia.

Leo asubuhi nikiwa nakunywa chai, akaniita nisimame mbele yake niwe baba mkubwa. Akajifunga kitenge vizuri, akanyoosha mgongo, akasema polepole, "Shemeji, naomba kukuuliza. Masikio ya ng'ombe huyu yamekatwa alama ya nani?"

Hakukosea hata neno moja. Halafu akanitazama. "Nimesema sawa, ng'wana wane?"

Nikamwambia, "Umesema sawa, mayu."

Akafurahi! Akaniuliza kama tarehe imetoka. Nikamwambia bado.