Tela Lisiloshika Kutu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu haikubali ififie: siku baba mkwe wangu, Mzee Mwinshehe, alipoingiza bisibisi katika mhimili wa tela jipya la boti, nayo ikazama kama inayoingia katika kiazi kilichoiva.

Nilikuwa mke kijana, mwenyeji wa Soga niliyeolewa Kisarawe, katika miaka ya vijiji vya ujamaa, wakati ambao wilaya ya Kisarawe ilikuwa ingali ikifika baharini. Mume wangu, Shabani, aliendesha trekta la kijiji huko pwani ya Kisiju, akivuta boti kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, na nyumbani alirejea kwa nadra. Nilibaki na wazazi wake wawili. Mzee Mwinshehe alikuwa fundi wa karakana, na karakana yenyewe ilikuwa uani kwake: banda la makuti, meza moja na jiliwa la kubania vyuma.

Adabu ya nyumba ile haikuruhusu mke wa mwana na baba mkwe kusemezana ana kwa ana. Mzee akitaka maji, alimwambia mkewe, Bi Tatu. Naye Bi Tatu alinigeukia mimi, ambaye nilikwisha kusikia, akayarudia maneno yale yale na kuongeza mawili matatu ya kwake. Nami nilijibu kwa njia hiyo hiyo. Usidhani palikuwa na uadui. Ilikuwa heshima, ila heshima nayo ina upweke wake.

Nilisifiwa sana katika nyumba hiyo. Wageni walipokuja, Bi Tatu aliwaambia, “Mkwe wangu huyu hajui kulalamika. Waweza kukaa naye mwaka mzima usijue kama yupo.” Walitikisa vichwa kwa kunipongeza. Yatafakari maneno hayo, mwanangu, kisha uniambie kama ni sifa kamili.

Mama yangu aliishi Soga peke yake. Hakuwa na mtoto mwingine. Muuza machungwa mmoja, aliyezoea kupita kwetu, aliniletea habari kwamba miguu ya mama imevimba na kisima kimekuwa mbali naye. Nilimshukuru, nikanyamaza. Aliporudi tena akasema hali imezidi, nikanyamaza tena. Kuomba ruhusa kulionekana kwangu kama kuanza kulalamika, na aliyekwisha kuitwa mvumilivu huliogopea jina lake kuliko anavyouogopea uhai wake. Usiku nililia bila sauti, asubuhi nikafagia uwanja kama kawaida.

Sasa nirudi kwenye tela. Kijiji kilikuwa na matela mawili ya boti huko Kisiju. Moja lilikuwa la chuma, kuukuu, jekundu kwa kutu. La pili lilikuwa la alumini, jeupe, jepesi, tulilopewa na wafadhili pamoja na neno lao kwamba halitashika kutu kamwe. Vijana walilibandika jina la Sufuria. Kila walipotoka baharini, lile la chuma lilioshwa kwa maji baridi ya kisima, likakwanguliwa, likapakwa mafuta, likajadiliwa kama mgonjwa. Sufuria ilisukumwa kivulini ikiwa ingali inachuruzika maji ya chumvi. Kwani ilikuwa na nini cha kuoshewa? Haikulalamika.

Masika ya pili hayajakwisha, mhimili mmoja ulipinda njiani, na boti nusura ianguke. Shabani akalikokota tela hadi uani kwa baba yake.

Mzee alipiga magoti akalikagua. Kila mahali ambapo boliti za chuma ziliikaza alumini, alikuta unga mweupe mfano wa chokaa. Alipoupangusa, bisibisi ikazama. Boliti zenyewe zilikuwa nzima. Kilicholiwa ni alumini iliyozizunguka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

“Lakini baba, hili halishiki kutu,” alisema Shabani. “Tuliambiwa.”

“Sikusema lina kutu. Nasema limeliwa.”

Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni pa jiko, nakuna nazi. Mzee hakunitazama. Alimwambia mkewe, “Mama Shabani, hebu muulize mkwe. Maji ya chumvi yakilala ndani ya sufuria siku nyingi, inakuwaje?”

Bi Tatu akanigeukia. “Unaulizwa habari za sufuria. Na ujibu vizuri, usije ukasema ni mimi ninayelaza mchuzi.”

“Mwambie baba kwamba huanza madoa meupe,” nikajibu, “kisha vitundu vidogo visivyoonekana. Kwa nje utaiona nzima, mpaka siku utakayoibandika jikoni na maji yakauzima moto.”

Bi Tatu alifungua kinywa ayarudie, Mzee akainua mkono kumzuia.

“Muulize tena. Na muda wote huo, sufuria yenyewe huwa inasema nini?”

“Sufuria haisemi, baba.”

Nilikwisha kumjibu mwenyewe, moja kwa moja, kabla sijatambua nimevuka mpaka. Hakuna aliyenikemea. Mzee aliendelea kulitazama tela, akasema kwa sauti ya chini, “Mama Shabani, mwambie mkwe kwamba yule muuza machungwa hupita kwangu pia. Nimekuwa nikingoja mwenyewe aombe ruhusa. Nimengoja vibaya. Wanaolia katika nyumba hii nimewashughulikia wote, na huyu asiyelia nikamwacha na chumvi yake. Lakini naye aseme. Mimi si mpiga ramli.”

Safari hii Bi Tatu hakurudia kitu. Alikuwa akifuta macho kwa ncha ya khanga.

Nikasema, “Nataka kwenda kwa mama.” Maneno manne tu, na yalinichosha kuliko kutwanga.

Kesho yake Shabani alinipeleka Pugu, nikapanda treni hadi Soga. Nilimkuta mama yu hai, amelala mkekani, mtungi mkavu, na jirani akija anapokumbuka. Nilimuuliza kwa nini hakutuma neno kali zaidi. Akajibu, “Nilisikia unasifiwa huko kwa watu. Sikutaka nikuharibie.” Tulitazamana, mwanangu, wanyamavu wawili, kila mmoja akiliwa upande wake wa reli. Nilimuuguza mpaka nikamzika kwa mikono yangu kabla ya vuli. Nilimuwahi. Kunyamaza kidogo tena, ningewahi matanga.

Tela nalo lilipona. Mzee alikata sehemu zilizoliwa, akachonga pete za mpira wa tairi kuukuu, akaziweka kati ya kila boliti na alumini ili metali hizo mbili zisigusane. Kisha akatoa amri mbili: magurudumu yaachwe yapoe kabla ya kuingizwa baharini, kwa kuwa kitovu cha gurudumu chenye joto hunyonya maji ya chumvi kikipozwa ghafla; na kila litokapo baharini, tela la alumini lioshwe kwanza, la kutu lifuate. Lilidumu miaka mingi, likitumika.

Basi nasaha yangu ni hii. Mvumilivu hula mbivu, hilo silipingi. Lakini kuvumilia ni kubeba mzigo, si kuuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiumia, sema mapema, kwa maneno machache, kwa mtu anayeweza kusaidia. Usiione sifa ya watu kuwa dawa. Nawe ukijaliwa ndugu asiyelalamika, usimngoje. Nenda kwake kwanza, kabla ya wale wenye kelele, umuulize, na akisema hajambo, kaa kidogo umuulize tena.

Siku hizi ninaishi Visiga. Shabani alikwisha kutangulia, na watoto wangu wako mjini. Nasikia wanaambiana, “Mama hana shida yule.” Husema hivyo kwa mapenzi, na ni mimi niliyewafundisha. Kwa hiyo naandika wazi, wasome nao: ninayo shida. Jioni ni ndefu, nami nina hamu ya kumpikia mtu. Njooni bila sababu.

Mola akupe, mwanangu, mgongo wa kubeba na ulimi wa kuomba. Akuzungushie watu wanaosikia, na akujaalie uwe mmoja wao. Amina.