Zima Kwanza na Waya wa Vichwa Viwili

Baba mkwe wangu mtaani hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Zima Kwanza, kwa sababu ndiyo salamu yake. Ukimwomba aje akuangalizie soketi, atasimama mlangoni, avue kofia, aseme, "Zima kwanza," ndipo akuulize watoto hawajambo. Mke wangu anaapa kwamba siku nilipokwenda kuposa, mzee alitoka nje kuhakikisha pikipiki yangu imezimwa kabla hajasikia nilichofuata.

Miaka thelathini na moja alipanda nguzo za shirika la umeme. Alistaafu na goti bovu na mkoba wa ngozi, na sasa anaunga jenereta majumbani, maana umeme wetu siku hizi unakuja ukijisikia. Kazi yake ni ya polepole, inachosha kuitazama. Ana testa, ile kama bisibisi yenye kitaa kwenye mpini, na waya mmoja anaupima mara tatu. Anaanza na waya anaoujua una moto, anakwenda kwenye ule anaotaka kuugusa, kisha anarudi kwenye ule wa kwanza kuhakikisha testa haijafa njiani. Ukimwambia, "Mzee, huo nimeuzima mwenyewe," anakuitikia kwa heshima zote, "Ahsante, mwanangu," halafu anapima.

Watu wa nyumbani kwake tu ndio hakuwapima. Mkewe akisema chai ina sukari, anakunywa. Binti yake akisema mlango umefungwa, analala. Na mimi, baada ya miaka tisa ya kumwoa binti yake, nilikuwa nimehesabiwa humo.

Wiki ile tawi kubwa lilianguka kwenye kona ya barabara likakata waya. Nyumba tano za mwisho, yangu ikiwemo, zikabaki gizani. Nikanunua jenereta ndogo, nyekundu, yenye kelele kuliko umbo lake. Mzee akaja siku hiyohiyo kuichagulia mahali: nyuma ya jiko, hatua nane kutoka dirishani, mdomo wa moshi ukiangalia ukuta wa nje. "Moshi huu una sumu isiyonuka," alisema. "Ukiingia ndani unalala nao, na huamki."

Akanionyesha nichomeke friji kwenye jenereta yenyewe kwa waya mrefu, basi, mpaka atakapoleta chenjiova. Hiyo ni swichi yenye mkono wa chuma: juu umeme wa shirika, chini jenereta, kamwe si vyote kwa pamoja.

"Bila mkono huo, moto wa jenereta yako haukai kwako," alisema. "Unatoka kwenye mita, unapanda nguzo, unamkuta mtu aliyeambiwa waya umekufa. Mimi nimemzika mwenzangu hivyo. Niahidi utasubiri."

Niliahidi. Ulimi hauna mfupa.

Siku ya pili uvumilivu uliniisha. Friji inaunguruma kwa raha zake, na mimi mwenye mali nimekaa na joto, feni imenikodolea macho. Muuza vifaa vya umeme wa barabara kuu akanitengenezea waya wa vichwa viwili: kichwa kimoja unakichomeka kwenye jenereta, cha pili kwenye soketi ya jikoni, nyumba nzima inawaka. "Kila mtu anafanya hivi, bosi. Ila zima swichi kubwa kwanza, ile inayoingiza umeme wa shirika," alisema. Nilikwenda kuizima. Naukumbuka mkono wangu ukiwa juu ya swichi ile, kisha simu ikaita. Kilichofuata sikikumbuki, na nimejaribu sana kukikumbuka.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Jua kali, mtaa umetulia, jenereta mbili tatu zinanguruma nyuma ya kuta. Nikiwa chini ya feni yangu, mfalme, nikasikia watu wanasemezana nje kwa sauti za chini, kama wako msibani. Nikatoka.

Walikuwa wamesimama mbele ya geti la Mwalimu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mwalimu alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Nyumba yake ilifungwa, na binti yake aliiacha radio ikiwa imewashwa ili wezi wadhani mna mtu. Tulishaizoea. Umeme ukiwepo inaongea, umeme ukikatika inanyamaza, na ilikuwa imenyamaza tangu tawi lianguke.

Sasa ilikuwa inaongea. Mtangazaji alikuwa anasoma matangazo ya vifo, taratibu, na chini ya sauti yake kulikuwa na mngurumo, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Taa ya barazani nayo ilikuwa imewaka mchana ule, nyekundu, hafifu. Ilikuwa inafifia na kurudi, inafifia na kurudi, unaapa inavuta pumzi.

"Kwangu hakuna umeme," alisema fundi cherehani wa nyumba ya mkabala, mama mnene mcheshi ambaye siku hiyo hakuwa na utani wowote. "Kwako upo?"

"Haupo," nikasema. Na ni kweli, wa shirika haukuwepo.

"Basi Mwalimu karudi."

Mtangazaji akataja marehemu, akataja watoto wa marehemu, akataja saa ya mazishi, na dirisha la sebule ya Mwalimu limefungwa na pazia lile lile alilolifunga yeye kwa mkono wake. Kuna mtu nyuma yangu alianza kusali. Ningependa kuandika kwamba nilijua. Sikujua. Niliogopa mzimu kama wenzangu, na sauti ya mzimu ilikuwa inatoka jikoni kwangu.

Ndipo Zima Kwanza akatokea kwenye kichochoro, anachechemea, chenjiova ameibeba kwapani kwenye boksi lake. Alisikia radio akasimama. Sijapata kuona uso wa mtu ukipoteza rangi namna ile. Hakulitazama geti la Mwalimu hata kidogo. Aliinua macho kwenye waya uliopita juu ya vichwa vyetu, akaufuata kwa macho mpaka konani, na sisi sote tukageuka kutazama huko.

Gari la shirika lilikuwa limefika. Mtu mmoja alikuwa juu ya nguzo.

"Mama," mzee akamwambia fundi cherehani, "kimbia konani. Waambie wasiguse waya. Piga kelele yoyote unayoiweza." Mama yule akavua ndala akakimbia. Sikuwahi kudhani anaweza kukimbia.

Kisha akanigeukia. "Mwanangu. Jenereta yako umeiunga vipi?"

Mbele ya majirani wote. Na macho yake hayakuwa na shaka hata chembe, alikuwa anauliza ili anitoe kwenye orodha ya wa kushukiwa. Wakati ule tayari nilijua. Kila kitu kilinijia kwa mpigo: feni, simu, swichi, na waya mmoja wa nguzoni unaolisha kwangu na kwa Mwalimu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa fupi.

"Kama ulivyonifundisha, baba. Friji tu."

"Ahsante," akasema, na akaondoka kuelekea nyumba za nyuma, kwa seremala, ambako nako jenereta ilikuwa inanguruma. Alikuwa anaburuta lile goti, na boksi alikuwa amelitupa chini. Nilimwona akigonga geti la seremala kwa ngumi mbili, akipaza sauti, "Zima! Zima kwanza!"

Nikaingia kwangu. Sikukimbia mwanzoni, kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Hilo ndilo linalonitesa kuliko uongo wenyewe: nilitembea, kama mtu aliyesahau miwani. Nilipopita mlango ndipo nikakimbia. Jikoni nikaona swichi kubwa juu ya ukuta, imewashwa. Sikuigusa, nilipitiliza nje nikapapasa kitufe mara mbili nisikipate, ya tatu nikaizima jenereta.

Ikanyamaza. Na ng'ambo ya ukuta, kwa Mwalimu, mtangazaji akakatika katikati ya jina la mtu.

Nilisikia majirani wakishusha pumzi kwa pamoja. Kisha nikasikia ngumi za mzee kwenye geti la seremala zikikoma. Jenereta ya seremala ilikuwa bado inanguruma.

Alikuja baada ya nusu saa, akiwa na yule mtu wa nguzoni. Lilikuwa jitu la makamo, mabega mapana, kofia ya kazi mkononi. Mzee akamkaribisha akae kwenye kochi langu. Mke wangu, aliyekuwa ameitwa kutoka kazini, akaleta chai, mgeni akaipokea akaiweka mezani.

"Mweleze na binti yangu huyu," mzee akamwambia kwa upole.

"Nilikuwa nimevua glavu moja," mgeni akasema. "Kuna kiwaya chembamba hakishikiki na glavu. Chini kuna mama anafungua mdomo, simsikii kwa kelele za majenereta, nikadhani anagombana na dereva wetu. Mkono ukaenda. Ukiwa njiani, kwa juu ya ukuta, nikaona taa ya baraza ya nyumba ile ya jirani yenu inazimika. Nikajiuliza, kumbe ilikuwa inawaka? Na wakati najiuliza nilikuwa nimeshaushika waya."

Akautazama mkono wake, mbele na nyuma.

"Sasa wewe," mzee akaniambia. "Mwambie mgeni nilikuuliza nini pale getini, na ulinijibu nini."

Nilimtazama mke wangu, akatazama sakafu. Nikasema yote, neno kwa neno, hata ile "baba." Mgeni alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu.

"Kutoka getini mpaka kwenye jenereta ni hatua ngapi?"

"Arobaini," nikasema. "Kama arobaini."

"Na ulikimbia?"

Mke wangu akainua uso kunitazama.

"Nusu ya njia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa maelekezo ya barabara, akavaa kofia, akatuaga vizuri, akaenda kumaliza kazi yake. Kabla giza halijaingia umeme ulikuwa umerudi.

Mzee hakunigombeza, si siku ile wala baadaye. Alifunga chenjiova kesho yake, akapima kila waya mara tatu, akala chakula chetu. Bado anakuja kila Jumapili na tunaongea mpira na siasa. Ila haniulizi tena kitu chochote. Akitaka kujua kama mvua imeacha kunyesha, na mimi nimekaa hapo hapo dirishani, anainuka na goti lake, anakuja kuangalia mwenyewe.