Samaki wa Kumwonyesha Mgeni

Wataalamu wawili walishuka treni Ifakara. Hawakuwa watu wa mradi wetu, na ndiyo sababu waliitwa: wasio na ndugu wala rafiki humo, wapitie madaftari na waseme kama kazi ina faida. Tulikuwa tumezibua mkono wa zamani wa mto Kilombero uliozibwa na mchanga, ili samaki wapite kwenda kuzaliana mbugani maji yakijaa. Wakisema haina faida, mkono ule ungeachwa uzibike tena.

Madaftari yalikuwa yangu. Misimu miwili nilikaa kambi ya wavuvi na ubao wa kupimia, nikiandika urefu wa kila perege na kambale. Nilijivunia hata mwandiko wangu, mjinga mimi.

Siku ya pili yule mama mtaalamu alifunua kurasa zote, akanitazama.

"Binti, samaki wadogo wako wapi?"

Hakukuwa na hata mmoja aliyepungua shubiri.

"Kama hawamo, basi hawazaliani," mwenzake alisema, huku akiandika.

Nilijua wadogo walipo: ndani ya mtumbwi, chini ya majani. Ofisi ingedhani wavuvi wanawaficha kwa kuogopa sheria inayokataza nyavu za matundu madogo, kumbe ni adabu. Kwetu mgeni haonyeshwi samaki wa kidole, ni kama kumwambia hatukujali. Nami mtoto wa wavuvi, tangu nije na kalamu ya ofisi, niligeuka mgeni. Wavuvi walichambua samaki kwanza, ndipo wakaniita. Niliwaona wakichambua, nikafurahi kuheshimiwa, nikapima nilichopewa.

Nikinyamaza, lawama ni ya mto. Nikisema, ni yangu. Nikasema yote.

Yule mama hakunikaripia. Alipiga mstari kwenye misimu yangu yote miwili, akaandika kwamba haithibitishi lolote, na kwamba upimwe msimu mmoja zaidi, kila mtumbwi umwagwe wote. Afadhali angenizaba kibao.

Asubuhi nikaenda kambini kwa baba yangu mdogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Naomba leo nipime wote, baba. Hata wadogo."

"Vile visamaki vya watoto? Ukawaonyeshe wageni kwamba baba zako wanakula takataka?"

Alifunua majani, akainamisha mtumbwi, akamwaga samaki wote mchangani mbele ya miguu yangu.

"Haya. Pima aibu yetu."

Akanipa mgongo. Nilipiga magoti nikapima: perege wafupi kuliko kidole changu, mmoja baada ya mwingine, mpaka karatasi ikajaa. Mkono ule wa mto ulikuwa hai. Nikamwita aje aone.

Hakugeuka.