Kitabu Kisichofika Mezani kwa Wifi

Wifi yangu hakosei. Muulize mwenyewe, atakwambia. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na ndiye fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba hii ambayo mimi nakaa mezani nikigonga muhuri. Ana miaka ishirini na sita kwenye kile chumba cha nyuma, kati ya sufuria ya gundi na kibanio cha mbao. Kumi na moja kati ya hiyo nimeishi naye mimi, kazini naye, kwenye ukoo naye. Kwa hiyo nikisema hakosei, elewa kwamba nasema kwa uchungu.

Kazi yake anaijua, hapo simwonei. Kitabu kikivunjika uti, au kikirudi na jalada linaning'inia, kinapelekwa kwake. Anakivua jalada, anakwangua gundi ya zamani, anashona kurasa upya kwa uzi uliopakwa nta, halafu anakibana mpaka kesho yake. Kikitoka hapo, hata ukikirusha ukutani, wa kuonewa huruma ni ukuta.

Sasa, tuna mfululizo wa vitabu vya watoto unaoitwa Soksi Moja. Soksi Moja ni mwalimu ambaye hajawahi kupata soksi zake zote mbili asubuhi moja. Kila kitabu kinaanza anaitafuta ya pili, na kinaisha ameleta balaa shule nzima. Viko ishirini. Watu wazima wanakwambia kumi vya kwanza ndivyo vitabu. Hivi vya mwisho mwandishi alikuwa anakamua nguo iliyokwishakauka. Watoto wao hawajaulizwa.

Jumatatu moja mkuu wa maktaba akatuita. Tunamwita Bwana Kimya, kwa sababu ya neno analolipenda kuliko mshahara wake. Akasema rafu za watoto zinapunguzwa, mlango unapanuliwa. Soksi Moja abakizwe vitabu kumi na tano. Kumi vya mwanzo visiguswe. Kuanzia cha kumi na moja hadi cha ishirini vichaguliwe vitano bora, na vitano vingine, nakala zote, vichukuliwe Ijumaa na gari la karatasi chakavu.

"Ninahitaji mtu anayevijua," akasema.

"Mimi," akasema wifi. Mkuu hata hakuwa amefunga mdomo.

Jumanne asubuhi orodha ilikuwa tayari, imeandikwa kwa ile kalamu yake nene, na akaisoma mbele yetu sote kama hakimu. Kanuni yake ni moja na haibadiliki: kitabu kinachopendwa huchanika. Cha kwanza, kitabu cha kumi na nane. "Nimekishona mara saba. Mara saba! Ukurasa wa arobaini na moja hauna hata haya, unaning'inia kila wiki." Ndipo Soksi Moja anapofanya mtihani pamoja na wanafunzi wake, anakuwa wa mwisho, na mama yake anaitwa shuleni. Cha pili, kumi na moja, maana kurasa zake zimegandana kwa vidole vya watoto. Cha tatu, kumi na tisa, kwa kuwa kina alama za meno, na mtoto hang'ati kitabu kinachomchosha. Cha nne ishirini. Cha tano, kumi na tatu, na hapo sauti yake ikalainika kidogo. Kumi na tatu kina ukurasa wa Soksi Moja kuposa, akaenda na soksi moja ukweni na mguu wa pili ameupaka rangi. Huo ukurasa wifi aliusimulia siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe zangu, mpaka baba yangu akapaliwa maji.

Cha mwisho kabisa, nambari kumi, kilikuwa kitabu cha kumi na sita.

"Hicho hakijawahi kuja mezani kwangu hata siku moja," akasema. "Nakala nne, zote nzima kama zimetoka dukani leo. Hicho si kitabu, ni pambo."

Mimi nikafungua jalada la nakala moja. Karatasi ya tarehe imejaa muhuri wangu juu mpaka chini, na chini yake kuna nyingine iliyojaa pia.

"Wifi, mbona hiki kinaazimwa kila wiki? Tazama muhuri."

"Muhuri unasema kitabu kimetoka. Hausemi kimesomwa. Mdogo wangu si anatoka kila Jumapili kwenda mazoezini? Lile tumbo limekwenda wapi?"

Wenzetu wakacheka. Tumbo la mume wangu nalijua.

"Lakini wewe umekisoma?" nikamuuliza.

"Nikisome ili iweje? Mimi nasoma kurasa zinazoniangukia."

Jamani! Miaka ishirini na sita, na kumbe wifi hajawahi kumaliza Soksi Moja hata kimoja. Alivijua kwa kurasa zilizochomoka tu. Lakini Bwana Kimya alishatia sahihi, na mimi nikaambiwa nifunge vitabu vitano vya chini kwa kamba, niviweke chini ya meza yangu kungoja gari. Nikavifunga nimenuna.

Alhamisi mchana akaja msichana mmoja mwenye pengo la meno mawili, akaniuliza cha kumi na sita kiko wapi, rafuni hakioni. Roho ikaniuma. Nikainama, nikafungua kamba, nikamtolea nakala moja. Kabla hajaipokea akafuta viganja kwenye sketi yake, mbele na nyuma, kisha akaishika kwa mikono miwili.

"Hebu niambie," nikasema. "Kumi na nane mnakirudisha kama kimetoka vitani. Hiki mbona mnakibeba kama yai?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepitwa na habari kubwa. Akasogea karibu. "Hiki kinasema."

"Kinasema nini?"

"Kila kitu! Humo ndani Soksi Moja alikichana kitabu, kikaenda ofisi ya walimu kikasema alikojoa kitandani mpaka darasa la sita. Kikamwambia na mchumba wake. Kaka yangu alikikunja hiki pembe, akajifanya anaumwa tumbo siku mbili, asikutane nacho shuleni."

Nikamgongea muhuri, akaenda zake polepole kama amebeba maji. Mimi nikachukua nakala nyingine, nikaingia chumba cha nyuma, nikaiweka juu ya kazi ya wifi.

"Soma."

"Nina kazi."

"Gari linakuja kesho asubuhi. Soma, au nikusomee mimi."

Sauti yangu ya kusoma haivumiliki. Akavuta kitabu huku ananiangalia kwa jicho lile la ukweni, akakagua kwanza uti, halafu akaanza ukurasa wa kwanza. Nikarudi mezani kwangu.

Baada ya nusu saa nikasikia kishindo nikadhani kibanio kimeanguka. Wapi! Ni wifi anacheka, anapiga meza kwa kiganja. Watoto wote wakageuka. Bwana Kimya akatoka ofisini kwake mbio, akasimama mlangoni pa chumba cha nyuma, na kwa mara ya kwanza neno lake likamwangukia mfanyakazi: "Kimya!" Wifi akamwashiria kwa mkono aende zake, machozi yanamtoka.

Nikaingia nikimcheka. Lakini kufika kwangu alikuwa amekisogeza kitabu karibu na macho. Alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Ulikuwa umechanika, mpasuko wa urefu wa kidole, na mpasuko umezibwa kwa plasta ya kidonda iliyokatwa vizuri kwa mkasi ili isifunike neno hata moja. Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa mtoto: *Pole kitabu. Ilikuwa bahati mbaya. Usiseme tafadhali.*

Wifi akaniambia nimletee nakala mbili zilizobaki. Moja ilikuwa na ukurasa ulioshonwa kwa uzi mwekundu wa nguo, mishono mitatu. Nyingine pembe zake zilizokunjwa zilikuwa zimenyooshwa na kubandikwa karatasi ndogondogo kwa wanga. Akazigeuza moja moja, akapitisha ukucha juu ya ule uzi mwekundu.

"Mishono imekaa sawa," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Kumbe vilikuwa vinachanika. Vilikuwa na mafundi wengine." Na baada ya hapo, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nami nimekiita pambo."

Nilijua sasa kuna nini mbele yake. Kitabu kipone, lazima aende ofisini akafute kauli yake, wifi yangu huyu ambaye hata chumvi ikizidi anasema ndivyo alivyokusudia. Akavua aproni, akajipangusa gundi vidoleni, akaenda, nami nikamfuata mpaka mlangoni, muhuri mkononi. Mle ofisini mkuu alikuwa na mafundi watatu waliokuja kupima ukuta. Wifi hakungoja waondoke.

"Nimekosea," akasema. Mimi muhuri ulinidondoka. "Kumi na sita si cha mwisho. Ni cha kwanza."

Bwana Kimya akaichukua orodha, akaitazama, akamtazama yeye. "Mama, nafasi ni tano. Kikiingia hicho, cha tano kinatoka. Kumi na tatu."

Ukweni na soksi moja. Wifi alikuwa na ruhusa ya kubisha, na mkuu asingeweza kumshinda kwa maneno, hakuna aliyewahi.

"Kitoke," akasema.

Ijumaa gari likaja, kumi na tatu kikaenda na wenzake. Sikumtania. Nilitaka sana, lakini nilimwona amesimama dirishani mpaka gari likakata kona.

Wiki iliyofuata alivipa vitabu vyote vilivyobaki majalada mapya. Akaniletea rukwama nzima nivirudishe rafuni. Nikakuta cha kumi na sita, ile nakala ya plasta, jalada jipya kabisa, uti imara, na ndani plasta iko palepale.

"Wifi, umesahau kuushona ukurasa huu."

"Sijasahau. Huo una fundi wake."

Akarudi kwenye gundi yake. Nikataka kukifunga kitabu, ndipo nikaona. Wifi yangu ana tangazo ukutani, herufi kubwa nyekundu, MARUFUKU KUANDIKA KITABUNI, na amewahi kumfukuza mwalimu mzima kwa kupiga mstari mmoja. Lakini chini ya ule mwandiko wa mtoto kulikuwa na neno moja jipya, la penseli, kwa mkono ninaoujua: *Sitasema.*

Nikakiweka rafuni. Nami sijasema.