Kaye na Ungo

Nilikuwa nimeandika mara tisa jinsi baba alivyokufa. Nikikosea herufi moja, nachana karatasi na kuanza upya. Shule niliiacha darasa la tano, kuandika nikajifundisha mwenyewe kwa kunakili karatasi za kanisani, na sikutaka watu wa kikundi waone kosa langu hata moja. Kosa lenyewe lilikuwa ndani ya habari.

Kikundi kilikutana kila Jumanne bandani mwa parokia, hapa Katanika: watu wanane tuliokimbia vita, pamoja na jirani mmoja, mwanamke aliyefundishwa kusikiliza, tuliyemwita msikilizaji. Alitaka kila mtu aje na kazi ya mikono. Mimi nilichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikitoa mchanga. Miezi miwili nilichambua tu. Usingizi ulianza kurudi, lakini jambo moja sikulisema kwa yeyote: asubuhi tulipokimbia kijiji, baba alisimama njiani kuningoja kwa sababu nilirudi nyumbani kuchukua kaye yangu, daftari la kuandikia. Risasi ikamkuta hapo.

Mama yangu hakutaka habari za kikundi. Alisema pale ni pa wenye wazimu, yeye ana kazi. Jumanne ile alikuja ili asikie kama ninamsema. Akaketi na ungo wake, akanitazama, akasema ninachambua ndagala kama natafuta dhahabu. Watu wakacheka.

Zamu yangu ilipofika nilifungua kaye ile ile, nikaifunga, nikaifungua tena. Msikilizaji akaniambia si lazima, labda aanze mwingine. Mama, macho yakiwa kwenye ungo, akasema:

"Mume yangu, ni miye njo nilimuua. Alikuwa ananingoja. Nilirudia huu ungo."

Ndagala wakanimwagikia miguuni. Nilimtafuta mama katika kumbukumbu ya asubuhi ile na sikumwona. Alikuwa wapi? Nakala tisa, kila nukta mahali pake, na hakuna hata moja iliyosema mama alikuwa wapi.

Naona aibu kusema kilichofuata. Sikumhurumia. Nilikasirika, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

"Hapana, Mama. Alikuwa ananingoja mimi. Nilirudia kaye."

"Kaye gani?"

Nikamwonyesha. Hakuipokea. Aliitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani.

"Miaka yote hii unalala pembeni yangu na hiyo?"

Msikilizaji hakusema nani mwenye haki. Alipiga magoti, akaanza kuokota ndagala, na mama akasogeza ungo wake hadi miguuni pangu. Tukaokota sote watatu, samaki na mchanga pamoja.

Mchana mama aliwapika hivyo hivyo. Ningeweza kuwachambua tena, muda ulikuwapo, sikuwachambua. Mchanga ulilia menoni. Mama alitafuna, akanitazama, akatafuna tena.