Jina la Rima kwa Herufi za Paketi ya Maziwa

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimeshaachishwa shule, nyanya aliponikataza kuandika jina la mtu aliye hai. Alisema ukiliandika na kulificha, umemfunga mwenye jina kwa uchawi. Nami nilikuwa nimejifunza kuandika kwa tabu, kwa kunakili magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na majina niliyapenda kuliko maneno yote.

Nikamtungia shangazi Saumu shairi la kumsifu, nikalificha kwenye ufa wa ukuta. Wiki hiyo mguu wake ukavimba. Nyanya akaikuta karatasi, akaichoma, akanipa maji niupulizie ule mguu huku nikisema, "Nimekufungua." Nikasema. Mguu ukapona, na kijiji kizima kikanijua kwa uchawi ambao sikuwa nao. Mpaka leo kukiri kule kunaniudhi kuliko kiboko chochote nilichopigwa.

"Iko siku karatasi zako zitakufunga wewe," nyanya aliniambia.

Zilinifunga Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, nikiwa na miaka thelathini na mbili. Nilikuwa yaya wa Rima, binti wa mwajiri wangu niliyemwita Madam, na daftari langu lilikuwa na mashairi na nusu ya riwaya. Herufi za Kiarabu nilijifunza mwenyewe jikoni, kwenye paketi za maziwa, na kwa kujidai nikaliandika jina la Rima kwa herufi hizo katikati ya wimbo wa Kiswahili. Rima akashikwa na homa. Madam akalikuta daftari chini ya godoro langu, na neno pekee aliloweza kulisoma lilikuwa jina la mwanawe.

"Hii ni sihri," alisema. "Mfungue mtoto wangu."

Nilijua kule uchawi ni kesi ya kukupeleka jela. Nilijua pia sentensi aliyoitaka, nilishawahi kuisema.

"Sihri mafi, madam, hakuna uchawi. Ni wimbo wa kumbembeleza alale. Niulize mstari wowote, nitakueleza."

Hakuuliza. Alilichana daftari lote, akalilowesha kwenye sinki, kisha akanirudisha kwa wakala aliyenitafutia kazi. Nilisikia homa ilishuka siku ya pili, na bila shaka alijipongeza.

Sasa niko Jeddah, Aziziya, naandika upya kwa kukumbuka. Riwaya imegoma kurudi. Nyanya hakujua kusoma, nimemsamehe, kidogo. Madam alisoma mpaka chuo kikuu. Kuitwa mchawi nilishazoea. Kinachonichoma ni kwamba wanawake wawili waliyaogopa maneno yangu kiasi cha kuyaangamiza, na hakuna hata mmoja aliyeniomba nimsomee.